Vyuo vya Kampala Vitupokee Vipi?

Watu wakisema "elimu ya wakimbizi", wengi wanaona akilini mtoto wa miaka saba chini ya hema, ameshika daftari lenye nembo ya shirika. Mtoto huyo yupo, na ana haki yake. Lakini mimi nafanya kazi na vijana wa miaka kumi na nane mpaka ishirini na tano hapa Kampala, na swali wanaloniuliza kila wiki siyo la shule ya msingi. Wananiambia: "Yaya, nimemaliza. Sasa?"

Huyo anayesema "nimemaliza" alimaliza sekondari Bukavu, Goma, Uvira au Bunia, akafaulu mtihani wa serikali, halafu vita vikamtoa nyumbani. Au amemaliza hapa hapa Uganda, kwa shida, akiwa na madeni ya karo. Wote wawili wanakutana mahali pamoja: mlango wa chuo. Basi ndugu zangu wa Nakivale, Kyaka na Rwamwanja, na ninyi mnaofanya kazi katika mashirika, nataka tuongee juu ya mlango huo. Nitaongea zaidi juu ya vyuo vya ufundi, maana ndiko vijana wetu wengi wanaelekea, na ndiko chuo kikibadilisha mambo machache, maisha ya mtu yanabadilika haraka.

Kwanza tuwe wakweli: Uganda imefanya mengi. Inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Kampala peke yake imeandikisha zaidi ya laki moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea, kufanya kazi na kusoma. Kuna nchi ambako mkimbizi akitoka nje ya kambi anakamatwa. Hapa mtu anapanda takisi kutoka Nsambya mpaka Wandegeya bila kuulizwa kitu. Lakini ruhusa ya kusoma ni jambo moja, na kuingia darasani ni jambo lingine. UNHCR wanasema mwaka 2019 vijana wakimbizi waliokuwa katika elimu ya juu duniani walikuwa 3 tu kati ya 100. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamefika 7. Lengo ni 15 ifikapo mwaka 2030. Hesabu hiyo ina vyuo vya ufundi vya ngazi ya juu pia, siyo chuo kikuu peke yake. Nikiangalia kalenda, 2030 siyo mbali.

Nitaeleza habari ya dada mmoja, bila jina lake, ameniruhusu. Alisoma Bukavu, sehemu ya umeme. Anakaa Masajja na mama yake na wadogo wawili. Mama anatembeza bitenge, kutoka asubuhi mpaka miguu inavimba. Mwaka jana dada huyo alienda kwenye chuo kimoja cha ufundi kuomba kozi ya umeme. Kwenye dirisha la usajili akatoa karatasi yake. Yule bwana akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akamuuliza: "Nnyabo, hii ni nini?" Ilikuwa ya Kifaransa. Akaambiwa aende kwanza UNEB, wale wanaosimamia mitihani ya Uganda, wailinganishe na masomo ya hapa. Kufika huko, akaambiwa inatakiwa tafsiri ya Kiingereza, halafu malipo, halafu karatasi halisi.

Wenzangu wa Kongo mnajua shida iko wapi. Kwetu unaweza kufaulu mtihani wa serikali na diploma yenyewe ikachukua miaka kutoka Kinshasa. Shule inakupa hati ya kusema umefaulu, ndiyo unatembea nayo. Dada yetu alikuwa na hati hiyo na picha ya matokeo kwenye simu. Akatafuta pesa ya tafsiri. Wakati pesa inapatikana, chuo kilikuwa kimefunga kupokea wanafunzi. Akaambiwa arudi muhula mwingine. Aliniambia hivi: "Yaya, nilisoma miaka sita. Leo naonekana kama sijawahi kukaa darasani."

Katika kungoja, mashirika yalimpa kozi. Miezi mitatu ya kutengeneza sabuni ya maji. Miezi mitatu ya kusuka nywele. Wiki mbili za "stadi za maisha". Ana vyeti vitatu kwenye bahasha, vyote vina rangi nzuri. Hakuna hata kimoja cha umeme. Lakini soketi ikiungua katika nyumba za pale anapopanga, mwenye nyumba haendi kutafuta fundi mjini. Anamwita yeye.

Sasa twende mbali kidogo, tutarudi. Rafiki yangu mmoja tuliyecheza naye mpira Katwe alipata makazi Marekani, yuko Texas. Anafanya kazi usiku na mchana anasoma kwenye chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, cha bei nafuu, ambacho mtu anaingia kutoka nyumbani kwake na kuendelea na kazi yake. Alinitumia sauti kwenye WhatsApp akishangaa. Nusu ya darasa lake ni Walatino, watoto wa watu waliotoka Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Chuo kina mshauri anayeongea Kihispania. Barua kwa wazazi inaandikwa kwa lugha mbili. Kuna masomo ya usiku. Akasema: "Hawa watu wamefikiriwa." Neno hilo lilinikaa.

Nikaanza kusoma juu ya jambo hilo. Kumbe Marekani wana sheria, tangu mwaka 1992, inayotambua vyuo ambavyo angalau robo ya wanafunzi ni Walatino, yaani 25 kati ya 100. Kwa miaka mingi chuo kilichofika hapo kiliweza kuomba pesa za serikali kuu za kuimarisha masomo. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mtu alihesabu kwanza. Usipohesabu, huwezi kujua ni nani anaingia, nani anaacha katikati, na kwa nini.

Lakini habari iliyonishika zaidi ni ya chuo kimoja cha New York, mtaa wa Bronx. Kinaitwa Hostos Community College, kwa jina la Eugenio María de Hostos, mwalimu na mwandishi wa Puerto Rico wa karne ya 19. Kilianzishwa mwaka 1968, kwa sababu Wapuerto Rico wa pale walidai chuo chao. Wengi wao waliongea Kihispania, na Kiingereza chao kilikuwa kidogo. Vyuo vingine viliwaambia: jifunze Kiingereza kwanza, halafu urudi. Hostos kikasema: njoo leo. Soma somo lako kwa Kihispania, na huku unajifunza Kiingereza hatua kwa hatua, mpaka unahamia kwenye masomo ya Kiingereza. Mwanafunzi hakupoteza miaka miwili akingoja lugha.

Na hawakupewa bure tu wakakaa. Mwaka 1976 mji wa New York ulikuwa umeishiwa pesa, ukataka kukifunga chuo hicho kwa kukiunganisha na kingine. Wanafunzi, walimu na majirani wakaandamana, wakakalia majengo, wakakiokoa. Kipo mpaka leo.

Najua mtu atasema: wale ni tofauti na sisi. Ni kweli. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, wanapiga kura, mwanasiasa anawaogopa. Sisi hapa hatupigi kura, na sitaki kijana yeyote asome makala hii akaende kukalia ofisi ya mtu. Lakini njia yao ya kufundisha haihitaji kura. Inahitaji mkuu wa chuo anayekubali kwamba mtu asiyejua Kiingereza bado anaweza kuwa na akili ya umeme.

Hapa Kampala jambo hilo ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Ingia darasa lolote la ufundi. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, halafu akifika kwenye sehemu ngumu anageuka na kueleza kwa Kiganda, wanafunzi wanacheka, wanaelewa, kazi inaendelea. Simlaumu, ni mwalimu mzuri huyo. Ninachosema ni kwamba darasa tayari lina lugha mbili. Kijana kutoka Bunia ndiye anabaki nje ya zote mbili. Na Kiswahili siyo lugha ya ugeni hapa. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha tunayoongea sisi ndiyo lugha ambayo nchi hii yenyewe inataka watoto wake waijue. Sasa kwa nini chuo kione kama ni mzigo?

Tena katika ufundi, lugha ni usalama. Katika umeme kuna waya ambao Kiingereza wanauita "live". Kongo tuliufahamu kwa jina la "phase". Kijana anayesikia "don't touch the live" na haelewi, akagusa, hatapata alama mbaya tu. Atapelekwa hospitali. Mwaka huu tumekaa na vijana wanne tukaandika karatasi moja, mbele na nyuma, yenye maneno themanini ya karakana katika lugha tatu: tournevis, screwdriver, bisibisi, pince, pliers, koleo, na kadhalika. Kuichapisha kulitugharimu bei ya rolex mbili. Mwalimu mmoja wa ufundi aliiona, akaomba nakala kwa ajili ya wanafunzi wake Waganda, maana na wao walikuwa wanachanganya majina.

Kwa hiyo, nikiulizwa vyuo vya Kampala vitupokee vipi, nina mambo matano.

La kwanza, vituhesabu. Fomu ya kujiunga inauliza wilaya ya nyumbani, kata, kabila. Mkimbizi ajaze nini? Wengine wanaandika Makindye, wengine wanaacha wazi, na mmoja aliniuliza kama Uvira ni wilaya ya Uganda. Weka nafasi moja tu: mkimbizi, na namba ya kitambulisho. Mwisho wa mwaka chuo kitajua walioingia ni wangapi na waliomaliza ni wangapi. Bila hiyo, hata shirika likitaka kusaidia linabahatisha.

La pili, vipokee kwa muda. Mtu ambaye karatasi zake ziko njiani aruhusiwe kuanza, apewe muhula mmoja au miwili kumaliza kazi ya UNEB. Asipoleta, sawa, hatapata cheti. Lakini asipoteze mwaka juu ya mhuri. Na kila chuo kiwe na mfanyakazi mmoja aliyewahi kuona hati ya Kongo, ya Burundi, ya Sudan Kusini, ya Somalia, anayejua kwamba asilimia 60 ya kwetu siyo alama ya kuchekwa.

La tatu, vitambue ufundi ambao mtu anao tayari. Nenda Ndeeba, nenda Kisekka, nenda Katwe kwa wachomeleaji. Utakuta vijana wetu wamelala chini ya magari miaka mitatu, wanajua injini kuliko mwanafunzi wa chuo, lakini hawana karatasi. Uganda ina njia ya kuwapima watu kama hao kwa kazi ya mikono na kuwapa hati inayoitwa Worker's PAS, inayoonyesha ni kazi gani mtu anaweza kuifanya. Wengi wetu hatujawahi kuisikia. Chuo kinaweza kuwaita siku moja, kikawaeleza, kikawapima, na anayepungukiwa akaongezewa kile tu anachokosa, badala ya kuanza upya na wasioshika spana.

La nne, saa na pesa. Masomo ya saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni ni ya mtu ambaye kuna mwingine anamlisha. Aliye mjini anajilipia kodi ya nyumba mwenyewe, hakuna mgao. Darasa la jioni na la Jumamosi litaleta watu wengi. Karo ikubaliwe kidogo kidogo, kila wiki mbili, kama tunavyoweka pesa kwenye kikundi. Na mkimbizi asiwekwe kundi moja na mgeni aliyetoka ng'ambo na kulipishwa zaidi. Marais wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Hebu tangazo hilo lifike mpaka kwenye dirisha la kulipia. Na mama mwenye mtoto mchanga apate kona ya kumweka na mtu wa kumwangalia. Chuo kinachofundisha malezi ya watoto kikikosa kona hiyo, nashindwa kuelewa.

La tano, kazi baada ya masomo. Waajiri wengi hawajui kwamba sheria inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Wakiona kitambulisho chetu wanaogopa polisi. Chuo kikimtuma mwanafunzi kwenye mazoezi ya kazi, kiandike barua ya ukurasa mmoja inayoeleza hivyo, chenye mhuri wake. Mhuri wa chuo unasikilizwa kuliko mdomo wetu.

Kuna jibu ninalolipata kila mara: "Na vijana wa Uganda, nao hawana nafasi." Ni kweli, na ni neno la haki. Majirani zetu wa Katwe na Masajja wanakosa karo kama sisi. Ndiyo maana sipendi kuomba chuo cha wakimbizi peke yao. Mpango wa Uganda wenyewe unataka sehemu ya msaada wa wakimbizi, kama 30 kati ya 100, iwafikie wenyeji. Darasa la jioni litamsaidia mwendesha boda wa Kiganda aliyeacha shule. Kupimwa ujuzi kutamsaidia fundi wa Ndeeba aliyezaliwa Masaka. Mlango ukipanuliwa, hauulizi anayepita anatoka wapi.

Ninyi wa mashirika, niruhusuni neno moja, kwa heshima. Kozi ya miezi mitatu inaonekana vizuri kwenye ripoti, maana mwisho wa mwaka mnaandika watu mia mbili wamefundishwa. Lakini mitaa yetu imejaa sabuni ya maji. Wanaouza ni wengi kuliko wanaonunua. Pesa ya kuwapa watu ishirini vyeti vya sabuni ingeweza kulipa tafsiri na malipo ya UNEB ya wengi, au karo ya wachache mpaka wamalize cheti kinachotambulika. Wachache waliomaliza wana faida kuliko wengi walioguswa-guswa. Kabla ya kuleta kozi, tuulizeni kwanza tulisoma nini. Swali hilo halina gharama, na sijaliona kwenye fomu nyingi.

Na sisi wenyewe tuna kazi. YARID ilianzishwa na vijana wa Kongo hapa Kampala mwaka 2007, wakafundisha wenzao Kiingereza. Bondeko ilikuwepo kabla, tangu 1997. Hawakungoja mtu aje. Kwa hiyo, wewe uliye kambini na unapanga kuja mjini kusoma, usitupe karatasi yoyote ya shule, hata ile iliyolowa maji. Ipige picha, ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe, umwachie na mtu mwingine nakala. Anza tafsiri kabla ya kuanza kutafuta chuo, siyo baada. Jifunze Kiingereza cha kazi yako kwanza, hicho cha siasa na mpira kitakuja chenyewe. Wewe uliyefika chuoni tayari, ukiona mgeni kwenye dirisha la usajili anageuziwa karatasi yake mbele na nyuma, simama naye. Dakika kumi tu. Mwenye lugha awe mdomo wa asiye nayo.

Yule dada wa Masajja tafsiri yake imetoka. Hati ya shule imefika kutoka Bukavu kwa mkono wa dereva, na tumeandikia shule kuomba uthibitisho. UNEB hawajajibu bado. Chuo kinafungua kupokea wanafunzi mwezi ujao, na mama yake ameshauza bitenge vya akiba kwa ajili ya karo ya kwanza. Kama chuo kitakubali aanze huku akingoja, atakuwa darasani. Kama hakitakubali, utakuwa mwaka wa tatu, na mdogo wake anayemfuata ameshaanza kusema kwamba shule haina maana. Huo ndio uzito wa sharti moja dogo kwenye fomu. Mkuu wa chuo anaweza kulibadilisha kwa kalamu, kabla ya chai ya saa nne.